Matabishi

Jicho la kulia la mama lilifunguliwa Kampala,
lakini lilianza kazi hapa Bukavu, Kadutu,
juu ya meza yenye mguu mfupi uliowekewa kigae,
Jumapili baada ya misa, mvua ikipiga bati.
Hakuomba kioo. Hakuuliza kama nimekonda.
Alisema: "Leta zile karatasi za mashine."

Nilikuwa nimezikunja ndani ya pasipoti,
sita, nyembamba kama ngozi ya kitunguu,
wino umeanza kukimbia.
Akazipanga kama anavyopanga sambaza juani,
vichwa upande mmoja.

"Hapa ulitoa ya chakula."
Ndiyo, mama.
"Kesho yake, ya dawa ya matone. Kesho kutwa, ya teksi.
Na hii tano inayokaa chini kila mara,
kama mgeni asiyejitambulisha,
hii tano ni ya nani?"

Ya benki, mama.
Nitoe kidogo, nitoe nyingi, ni tano.

"Sasa kwa nini ulitoa mara sita?"

Nilitaka kumwambia niliogopa wezi,
lakini mimi ndiye niliyemcheka tulipovuka Ruzizi,
yeye na noti zake ndani ya kitenge,
zimenyooshwa kwa pasi, maana kwetu
dola yenye mkunjo haina rafiki.
Nilipunga kadi yangu mpya ya bluu nikasema,
Mama, dunia imebadilika.
Nikanyamaza. Mvua ilinijibia.

"Na hii ndefu, ya hospitali?"

Hiyo mashine iliniuliza, mama, tena kwa adabu:
utalipa kwa dola au kwa shilingi?
Nikaiona dola, pesa ninayoijua,
kama kukutana na jirani safarini.
Nikabonyeza dola.

"Ikakubadilishia yenyewe."
Ikanibadilishia yenyewe.
"Kwa bei yake."
Kwa bei yake.

Akavua miwani, akaifuta kwa pindo la nguo.
"Miaka thelathini na moja napima sambaza.
Mtu akikuambia kwa sauti tamu, chagua nikupimie na lipi,
ujue kopo moja lina kitako kinene.
Ukiwa kwa watu, lipa kwa pesa ya watu.
Benki yako ije ihesabu huku,
ambako unaujua mlango wake."

Halafu akajumlisha, kwa vidole, kisha kwa jicho.
"Arobaini na tatu," alisema, bila hasira.
"Hizo zingekuwa kope za jicho la kushoto."

Haba na haba hujaza kibaba,
walitufundisha shuleni.
Hawakusema kibaba cha nani.

Jumanne nilimkuta sokoni,
miwani myeusi ya daktari puani,
na mbele yake karani wa benki, Zihalirwa,
yule aliyenipa kadi na tabasamu
akasahau kunipa bei.
Alitaka makopo mawili.
Mama akajaza, akamimina, akajaza, akamimina,
kisha akatumbukiza mkono katika mfuko wa mteja
akatoa sambaza watano.

"Mama Nabintu! Na hao?"
"Ada."
"Ada ya nini?"
"Ya kumimina."

Wanawake wa meza ya jirani walishikana mabega.
Karani alitazama juu, alitazama viatu vyake.
Mama akamrudishia watano, akaongeza kiganja kizima,
matabishi, kama ilivyo desturi,
maana kwake cha ziada huenda kwa mnunuzi.
Zihalirwa aliondoka polepole, akiangalia ndani ya mfuko.

Mwezi wa kumi na moja ni zamu ya jicho la kushoto.
Kadi nimeibandika karatasi mgongoni:
Mara moja. Shilingi.
Kitenge nacho, mama amekwisha kukifua,
na jana usiku nilimsikia akiuliza
pasi iko wapi.